Kaviha na Daraja la Mbungoni

Watu wakisimulia habari za daraja la Mbungoni huanza na serikali. Watakwambia saruji ilitoka wapi, mhandisi alikuwa mtu wa namna gani, na nani alichinja mbuzi siku ya kulifungua. Mimi huwasikiliza mpaka wamalize, maana nimelelewa, kisha huwauliza: na ardhi ya kupitishia barabara ilitoka kwa nani? Hapo ndipo wanapoanza kukohoa. Ilitoka kwa Kaviha mwana wa Nyevu. Nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na kama hakuna mwingine wa kumsimulia nitamsimulia mimi. Atakayeudhika na audhike.

Mto wenyewe si wa kutisha. Uko nyuma ya Mwakirunge, unateremka taratibu kati ya minazi na mikorosho mpaka ukutane na maji ya chumvi. Wakati wa kiangazi uliweza kuuvuka umekunja leso magotini. Masika yakiingia, hapo ulikuwa haujui jirani wala ndugu, na njia pekee ya kuvuka ilikuwa chelezo cha Kaviha. Kilikuwa jukwaa la mbao juu ya mapipa, na kamba nene ya katani iliyofungwa kwenye mnazi wa huku na mnazi wa kule. Unapanda na mzigo wako, Kaviha anavuta kamba, mnafika. Baba yake aliivuta kamba hiyo hadi akafa, naye akairithi pamoja na sugu za viganja. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye maneno machache na kicheko kikubwa. Hata akitembea nchi kavu aliinama mbele, utadhani bado anavuta. Mkewe Nyamvula alikuwa akimtania kwamba siku moja atauvuta mto wote mpaka uani.

Upande wa juu wa mto ndiko alikokaa Kaviha, na sisi pia. Wazee wake walifyeka msitu pale, wakapanda minazi, wakazikwa pale. Upande wa chini kulikuwa na duka na nyumba ya mawe ya kina Hamoud, watu wa ukoo wa zamani, wenye mashamba mengi kuelekea Junda na hadi Kisauni kwenyewe.

Kaviha na Hamoud walikuwa ndugu wa kunyonya. Hili lielewe vizuri, la sivyo hutaelewa lolote katika niliyobakisha. Bi Mahfoudha alipomzaa Hamoud alishikwa na homa, maziwa yakakauka. Mtoto akawa analia mpaka sauti nayo ikamkauka. Ndipo mumewe alipovuka mto, kofia mkononi, akaenda kumwomba Nyevu, ambaye alikuwa na Kaviha mchanga kifuani. Nyevu hakuuliza swali. Alijifunga leso, akavuka na mwanawe, akakaa nyumba ile mpaka Hamoud akanenepa: Kaviha ziwa hili, Hamoud ziwa lile. Kwa dini yao jambo hilo si mchezo. Aliyekunyonyesha ni mama yako, na mliochangia ziwa ni ndugu, hata kuoana kwenu ni haramu. Haya sikuyasoma popote. Nilifundishwa na Bi Mahfoudha mwenyewe, barazani kwake, huku akinimenyea chungwa.

Nyevu naye alikuwa na desturi zake. Kwetu mama haendi nyumbani kwa mtoto wake mikono mitupu. Kila mavuno alijaza kapu: mahindi mabichi, muhogo, mkungu wa ndizi juu, akavuka kumpelekea Hamoud. "Nampelekea mwanangu chakula," alisema. Na kila Idi Bi Mahfoudha alirudisha leso mpya na tende. Wapangaji wa mashamba ya kina Hamoud, wale wa upande wa chini, nao walipeleka kapu kila mavuno, lakini lao lilikuwa ijara ya ardhi. Makapu yalikuwa yamesukwa namna moja na yakiingilia mlango mmoja. Sisi hatukupata kuyachanganya hata siku moja, kwa sababu tulijua lipi ni la nani.

Nyevu alifariki masika ya mwaka wa hamsini na saba. Alishikwa na tumbo, akawa anajikunja kama mtoto. Mto ulikuwa umefurika, umeng'oa mnazi mmoja pamoja na kamba, na mapipa ya chelezo yalikuwa yamekwenda na maji. Ng'ambo ya pili Hamoud alisimama na gari lake la mizigo, injini inanguruma, tayari kumkimbiza hospitali. Alikuwa akipiga kelele, "Mleteni! Mleteni!" Na Kaviha alikuwa amemshika mama yake mapajani, upande huu, katika matope. Kati yao hapakuwa na upana hata wa uwanja wa mpira. Nyevu alikata roho hapo hapo, gari akiliona.

Tulimzika nyuma ya nyumba, juu ya ukingo. Maji yalipopungua Hamoud alivuka kwa miguu, kanzu yake nyeupe imelowa mpaka kiunoni, akaanguka juu ya kaburi, akalia kwa sauti. Nilimwona kwa macho yangu haya, na sikatai kwamba machozi yale yalikuwa ya kweli. Ndiyo maana hasira yangu haijaisha. Mtu ambaye hakukupenda kamwe hawezi kukuuza.

Tangu siku hiyo Kaviha alikuwa na neno moja tu: daraja. Watu walimcheka. Mwenye chelezo anataka daraja! Ni kama muuza maji kuomba mvua. Hakujali. Kila bwana mkubwa aliyefika Mwakirunge alimkuta Kaviha anamngoja njiani, kofia imebanwa kwapani, na Hamoud ubavuni akimfasiria Kiingereza. Walikwenda pamoja, walirudi pamoja. Mwisho serikali ikachoka nao. Ikasema itatoa saruji, vyuma na mhandisi. Wananchi watoe mawe, nguvu zao, na ardhi ya barabara.

Mhandisi alikuja, kijana wa Kizungu mwenye kaptura na magoti mekundu kama pilipili. Akazunguka siku nzima, akasema mahali pazuri ni pale ukingo unapobana, na pale palikuwa katikati ya shamba la Kaviha. Barabara ingekata minazi yake safu kwa safu, ipite karibu na kaburi la mama yake. Kaviha alikwenda akasimama kaburini, kisha akarudi, akasema, "Ikateni. Yeye ndiye wa kwanza aliyelihitaji."

Hamoud akamkumbatia mbele ya watu wote. "Wallahi, ndugu yangu, jambo hili sitalisahau mpaka naingia kaburini."

Tukajenga. Kwa desturi yetu kazi kubwa ni ya mweria: mwenye kazi huita majirani, hutoa chakula na tembo la mnazi, na watu hufanya kazi wakiimba, bila kulipwa, kwa kuwa kesho itakuwa zamu yao. Kaviha aliita mweria ya daraja kana kwamba daraja ni nyumba yake. Wanaume walivunja mawe machimboni Mwakirunge, sisi wanawake tukayabeba kwa vichwa, na mume wangu Gona, aliyekuwa mvivu wa kutajwa, alichimba msingi mpaka akakonda. Nyamvula alipika vyungu na vyungu. Mahindi yao ya mwaka ule yaliliwa yote na wajenzi, na bado mavuno yalipofika Kaviha alikwenda kukopa mahindi kwetu ili ajaze kapu la Bi Mahfoudha. Nilimwambia, "Kaviha, mwaka huu hata yeye ataelewa." Alinitazama kama niliyemtukania marehemu.

Mwaka wa sitini daraja lilifunguliwa. Utepe ukakatwa, hotuba ikasomwa, hakuna aliyeielewa. Gari la kwanza kuvuka lilikuwa la Hamoud, na mbele, kando ya dereva, aliketi Kaviha, amevaa koti la kuazima, anacheka kwa kile kicheko chake mpaka tunakisikia huku. Alipoteremka aliniambia, "Jirani, ni muda wa kuvuta kamba mara moja tu, na umefika." Chelezo, kile alichokiunda upya baada ya mafuriko, alikipasua kuni mwenyewe siku ya pili. Nyamvula alinung'unika kwamba sasa watakula nini, naye akamjibu kwamba watakula minazi iliyobaki. Nazi sasa zitafika sokoni Marikiti zikiwa nzima.

Zilifika kweli. Kwa muda mfupi tulikuwa watu. Lakini barabara ikishapita, ardhi hugeuka sura. Watu wakaanza kuja kutoka Ziwa la Ng'ombe na mjini, wamevaa viatu, wanapima kwa hatua, wanauliza kipande cha kando ya njia ni cha nani. Upande wa chini ulikuwa wa Hamoud, aliwakatia viwanja, wakajenga vibanda. Walipovuka daraja waliambiwa ni kwa Kaviha, na Kaviha hakuwa anauza. Nafikiri hapo ndipo mdudu alipomwingia Hamoud. Tena zilikuwa siku za maneno mengi. Uhuru unakuja, wengine wanataka pwani iwe nchi peke yake, wengine wanasema mabwana wote watanyang'anywa mashamba. Hamoud alikuwa hapati usingizi. Kila aliyekuwa na hati aliitoa sandukuni kuiangalia.

Hati ya babu yake Hamoud ilisema shamba lao linafika mtoni. Haikusema linaishia ukingo wa huku au wa kule. Kwa miaka yote hakuna aliyejali, mto ulikuwa mto. Mapema mwaka wa sitini na tatu Kaviha akaitwa barazani. Hamoud alikuwa amedai ukingo wa juu wote, pande zote mbili za barabara, nyumba ya Kaviha na kaburi la Nyevu vikiwa ndani.

Kaviha hakuamini. Alidhani ni makosa ya makarani. Alioga, akavaa, akaenda huku akituambia tusiwe na wasiwasi, ndugu yake yuko huko atayanyoosha.

Kikao kilifanyika chini ya turubai, hapo hapo darajani. Mzungu aliyeletwa kusikiliza alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, na alitaka kujua jambo moja tu: waliokaa ukingo ule walikaa kama wenyewe, au kama wapangaji wa kina Hamoud? Hamoud akasimama. Alikuwa amevaa kanzu na koti jeusi, na hakuangalia upande wetu. Akasema anaomba amuulize Kaviha swali moja.

"Kaviha, kila mavuno ulikuwa ukileta nini nyumbani kwetu?"

Mungu wangu! Kaviha alifurahi. Uso wake wote ulifunguka. Alidhani ndugu yake anataka kuonyesha watu jinsi walivyoishi.

"Kapu," akasema kwa sauti kubwa. "Mahindi, muhogo, na ndizi juu. Alileta mama, na alipofariki nikaleta mimi. Sijakosa mwaka hata mmoja! Hata mwaka wa kujenga daraja nilikopa mahindi nikaleta. Muulizeni jirani huyu."

Akaninyooshea kidole. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimeshaliona shimo, yeye bado anacheza ukingoni mwake.

"Na wapangaji wangu wa ng'ambo," akaendelea Hamoud, sauti tulivu, "huleta nini?"

Kila mtu pale alijua: kapu. Mzungu aliandika, akauliza tena kama ni kapu la namna moja, na watu wa Hamoud wakaitikia. Ndipo Kaviha alipoelewa. Sijapata kuona mtu akizeeka akiwa amesimama.

"Ile haikuwa ijara," akasema. "Bwana mkubwa, mama yangu alimnyonyesha huyu. Ni ndugu yangu wa kunyonya. Mama hupeleka chakula kwa mwanawe."

Mzungu akamgeukia Hamoud. Ni kweli?

"Mama yake alikuwa mtumishi kwetu," akasema Hamoud. "Mimi nilikuwa mtoto, sikumbuki."

Kelele zilizotoka kwa watu wetu ziliwatia askari wasiwasi. Gona alinishika mkono kwa nguvu, maana alinijua. Mzungu akasema, kama yuko mtu mzima aliyekuwako siku hizo, aje aseme kilichokuwa. Kikao kikaahirishwa hadi juma linalofuata.

Mtu mzima aliyekuwako alikuwa mmoja tu. Kaviha aliniomba nimsindikize, kwa sababu ni nyumba ya mwanamke. Tulivuka daraja kwa miguu. Bi Mahfoudha alikuwa juu ya kitanda cha mwakisu kilichowambwa kamba, tasbihi mkononi, amekuwa mdogo kama msichana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapa karibu nami. Mbona umekonda hivi?"

Kaviha akakaa chini, akaeleza yote bila kumtukana Hamoud hata kwa neno moja. Akasema, "Mama, mimi sitaki barabara, wala sitaki minazi. Nataka nyumba na pale alipolala mama. Njoo useme tu uliyoyaona."

Yule bibi kizee alilia. Alimshika kichwa, akampangusa jasho kwa upindo wa leso yake. "Nyevu alinilelea roho yangu," akasema. "Mimi nalikuwa nafa, na mwanangu nalikuwa namuona yuwafa. N'takuja, Kaviha. Wallahi n'takuja, hata kama ni kubebwa." Mimi mwenyewe nilitoka pale nikiwa na moyo mwepesi. Njiani Kaviha alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu kikao kile, akaniambia, "Unaona? Mama ni mama."

Alikuja. Juma lililofuata gari la Hamoud lilisimama penye turubai, akateremshwa ndani ya buibui, wanawake wawili wamemshika. Kwa heshima yake hata Mzungu alisimama, akampa kiti chake mwenyewe. Uliweza kusikia maji chini ya daraja. Akaulizwa kama alimjua Nyevu. Akasema alimjua. Akaulizwa Nyevu alikuwa nani katika nyumba yake.

Hamoud alikuwa nyuma ya kiti, mkono juu ya bega la mama yake, na sisemi alimfinya. Sikuona hivyo. Naona ingekuwa afadhali ningeona hivyo. Bi Mahfoudha alimtazama Kaviha, akateremsha macho.

"Alikuwa mtumishi wangu," akasema. "Alifanya kazi, nikamlipa. Lile kapu lilikuwa haki ya shamba."

Nyamvula alipiga ukunga kama wa msibani. Kaviha akauliza, taratibu, kwa adabu ile ile, "Ulimlipa nini, mama?"

Mzungu alisema swali hilo halihusu ardhi.

Wakati wanampandisha garini nilimfuata. Sikuweza kujizuia, acha waseme sina haya. Nikamwambia, "Bi Mahfoudha, uliapa." Alinishika kidole kupitia buibui, vidole vyake vilikuwa baridi, akaninong'oneza, "Mwanangu, nimezaa mmoja tu." Nimelifikiria neno lile miaka mingi. Nimewahi hata kumhurumia, siku ambazo nina nafasi. Siku nyingi sina.

Ukingo ukawa wa Hamoud. Naye, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya kwa macho yake mwenyewe, alituma mtu kumwambia Kaviha asihame. Akae pale pale, nyumba ile ile, alete tu kile alichokuwa akileta, hakuna kitakachobadilika. Nyamvula alitaka wakubali, na nani wa kumlaumu, walikuwa na watoto. Kaviha alimjibu mjumbe kwamba hawezi kulipa ijara ya kukaa na mama yake. Waliondoka na mabati machache na vyungu, wakapata chumba karibu na machimbo ya Mwakirunge, na Kaviha akawa anavunja mawe, yale yale tuliyoyavunja bure, sasa kwa kibarua. Kuna mwanasiasa kijana, Fondo, mtu wa kwetu, aliyekuwa akituahidi majukwaani kwamba uhuru ukija kila mtu atarudi kwa wazee wake. Kaviha alimngoja. Uhuru ulikuja Desemba, malori yakapita darajani na bendera na ngoma, na Fondo akapita katika lori la mbele akitupungia mkono. Tulipomwendea alituambia wenye hati wameahidiwa kwamba hati zao zitaheshimiwa, tuwe na subira, tujenge taifa. Baadaye alijenga nyumba ya kupangisha kando ya barabara, kwenye kiwanja alichokatiwa na Hamoud.

Bi Mahfoudha alifariki kabla mwaka mpya haujatulia. Nilikuwa nimempelekea Nyamvula mchicha, kwa hiyo nilikuwako Hamoud alipofika machimboni. Alikuja mwenyewe, peke yake, hakupiga honi. Alisimama mbele ya Kaviha, macho yamevimba, kofia imekaa vibaya. Kaviha aliendelea kugonga jiwe.

"Mama ametutoka alfajiri," Hamoud akasema. "Kaviha, alikutaja. Alikuita mpaka mwisho. Maziko ni baada ya adhuhuri. Gari liko hapa, ndugu yangu. Nifanyie hisani, twende tukamzike mama."

Kaviha aliweka nyundo chini. Akamtazama muda mrefu, na kwa kitambo nilidhani atainuka, maana magoti yake yalisogea.

"Pole sana, bwana Hamoud," akasema. "Mungu amlaze pema. Lakini mama yangu mimi nilishamzika. Kaburi lake liko shambani kwako."

Akaiokota nyundo, na Hamoud akasimama pale mpaka jiwe lile likapasuka, kisha akarudi garini.